Fundi Taa Bila Ngazi

Kiwandani walimwita Fundi Taa. Kwa miaka ishirini na minne kazi yake ilikuwa ngazi, bisibisi na begi la stata za kuwashia taa, maana haikupita siku bila tyubu moja au mbili kuanza kupepesa juu ya vyerehani. Akipanda kubadilisha, washonaji walioko chini yake walipumzisha miguu na kumpa habari: nani kajifungua, nani kahama, mtoto wa nani kagoma kwenda shule. Alijua mambo ya watu mia mbili, ila nyumbani kwao hakuwahi kukanyaga.

Habari zake mwenyewe zilikuwa fupi. Mkewe alifariki miaka sita nyuma, na binti yao ameolewa mbali. Asubuhi akitoka aliacha redio ikiongea, ili akirudi akute sauti ya mtu.

Kisha uongozi ukaamua kupunguza matumizi ya umeme. Yeye mwenyewe aliteremsha tyubu zote na kufunga taa za LED, majuma mawili mazima. Ukumbi ukawa mweupe kama uwanjani, bili ya umeme ikashuka karibu nusu, meneja akampa mkono mbele za watu. Taa zilikuwa nzuri, hana ubishi. Ila hazikuungua. Mwezi ukaisha hajapanda ngazi ukumbini hata mara moja. Alipokatiza kati ya vyerehani walimpungia mkono na kuendelea kushona, naye hakuwa na sababu ya kusimama.

Ni stoo ya vitambaa tu iliyomhitaji. Huko taa ziliwekewa kijicho cha kuhisi mwendo. Pasipo mtu anayetembea, zinajizima. Sasa mama wa stoo kazi yake ni kukaa na kuandika, kwa hiyo kila baada ya dakika tano alibaki gizani, akipunga mikono kama anafukuza nyuki. Akamwita fundi. Fundi akaja, akafungua kifuniko, akafuta vumbi ambalo halikuwepo, huku wakizungumzia magoti ya mama na mvua iliyochelewa. Kesho yake akaitwa tena. Zikaenda wiki tatu.

Jumatatu moja alimkuta kahamishia kiti mlangoni, kwenye mwanga wa korido, daftari mapajani, macho mekundu. Roho ikamsuta. Akapanda, akazungusha kitufe kidogo cha kurefusha muda wa kuwaka, kilichojificha pembeni ya taa. Hata dakika haikuisha.

"Sasa haitakusumbua," alisema aliposhuka. "Ningeweza kuirekebisha tangu siku ya kwanza, mama. Sikuwa na pengine pa kwenda."

Mama wa stoo alifunga daftari.

"Nimeumia macho, fundi," alisema. "Ungesema tu umekuja kukaa."

Alimwomba radhi, akabeba ngazi yake. Siku tatu hakusogea upande ule, na hakuitwa. Taa ilikuwa nzima. Jioni moja alipofika kwake alimpigia binti yake simu, akaambiwa wana wageni, atapiga baadaye.

Ijumaa, saa ya chakula, alikwenda stoo mikono mitupu, akaketi juu ya robota la kitambaa karibu na mlango. Mama wa stoo alimtazama, akaitikia salamu, akaendelea kuandika. Hakumfukuza. Fundi alikaa akisikiliza kalamu ikikwaruza karatasi, mpaka kengele ikalia.