Thoa na Mlinzi wa Ghala

Thoa alikuwa na miaka kumi na minane alipoacha shamba la mpunga la baba yake huko Thai Binh, akaenda kutengeneza barabara ya vita katika misitu ya Quang Tri. Hakupewa bunduki, alipewa koleo. Yeye na wasichana wenzake kumi na mmoja walifukia mashimo ya mabomu ili malori yapite. Ndege za Wamarekani zilipita chini chini zikinyunyiza sumu ya kuua majani, na baada ya siku chache msitu mzima ukawa umepukutika. Wasichana walijifunga vitambaa vibichi puani, wakaendelea kuchimba. Maji ya kunywa waliyachota kwenye mashimo yaleyale.

Alirudi nyumbani mzima, au ndivyo alivyodhani. Akaolewa na Duyet, askari aliyekuwa katika misitu hiyohiyo. Watoto wao wawili wa kwanza hawakumaliza wiki. Wa tatu, Mien, aliishi. Alizaliwa miguu imepinda, hakuwahi kutamka neno, na kifafa kilimwangusha mara kwa mara. Lakini alikuwa na kicheko cha kumfanya hata mwenye msiba acheke naye, na alijifunza kutembea kwa kushika ukuta. Alipofika miaka kumi na mitano, baba yake akafa kwa uvimbe wa ini.

Miaka miwili baadaye kipaza sauti cha kijiji kikatangaza kwamba walioguswa na sumu ile vitani, pamoja na watoto wao, sasa watapewa kadi ya kutibiwa bure. Thoa alikuwa shambani anapanda. Aliacha miche ikielea majini, akaenda ofisi ya kata na matope magotini.

Aliyepokea maombi ni Nghiem, mtu wa miaka hamsini na kitu, nywele zimelazwa kwa mafuta, kalamu mbili mfukoni.

"Karatasi zako za vitani ziko wapi, dada Thoa?"

"Zilikwenda na mafuriko, kaka. Lakini kijiji kizima kinajua nilikuwa wapi."

"Kijiji hakina muhuri."

"Basi njoo nyumbani umwone mtoto."

Nghiem alicheka kwa pua. "Watoto wa namna hiyo wapo hata kwa watu wasiowahi kusikia bomu. Usinichukie, dada, lakini mambo mengine ni ya ukoo. Labda damu ya kwenu ndiyo yenye kasoro."

Watu waliokuwa kwenye foleni waliinamisha macho. Thoa alitoka. Alirudi mara tatu zaidi, na mara tatu alifukuzwa. Mwisho wa mwaka majina ya waliokubaliwa yakabandikwa ubaoni nje ya ofisi ili wananchi wayakague, na la nne lilikuwa la Nghiem mwenyewe. Ugonjwa: kisukari, ambacho nacho kilihesabiwa kuwa cha sumu ile. Mahali alipoguswa na sumu: misitu ya Quang Tri, tangu mwanzo wa mwaka sitini na tisa hadi mwisho wa sabini na mbili, bila likizo hata moja. Thoa aliisoma karatasi ile hadi akaijua kwa moyo. Watu wa rika lake walikumbuka kwamba miaka hiyo Nghiem alikuwa akilinda ghala la mchele mjini, lakini nani angethubutu kumwambia mtu mwenye muhuri?

Ikapita miaka tisa. Kifafa kilimwangusha Mien jikoni, uani, kisimani. Kila alipoanguka aliogopa zaidi kusimama, mpaka siku moja akaacha kabisa kuushika ukuta. Thoa akawa anambeba mgongoni kwenda chooni na kuogeshwa, mwanamke wa miaka sitini na binti mtu mzima.

Ndipo Sim akatokea. Alikuwa kiongozi wao kule barabarani, na alikuwa amezunguka mkoa mzima akiwatafuta wasichana wake. Waliobaki ni watano. Mkononi alikuwa na daftari la zamani lenye majina yote kumi na mawili na muhuri wa kikosi.

"Jina lako ni la saba, mdogo wangu," alisema. "Na huyo wa kata tutamruka. Tunakwenda mkoani moja kwa moja."

Baada ya miezi mitano kadi ikaja. Thoa na Sim walimpeleka Mien kwenye kituo cha tiba, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akapimwa kichwa hadi unyayo. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye mikono ya upole. Alikunja goti la Mien, likagoma.

"Magoti yameshakakamaa, shangazi," alisema. "Mazoezi yatapunguza maumivu tu. Alikuwa anatembea?"

"Kwa kushika ukuta. Miaka tisa iliyopita alikuwa bado anatembea."

"Na dawa za kifafa?"

"Hakuwahi kupewa. Zimeingia karibuni?"

Daktari alitikisa kichwa. "Zilikuwapo kabla mimi sijazaliwa. Angeletwa wakati ule, angekuwa bado anatembea."

Thoa alikuwa amejiandaa kulia kwa furaha siku ile. Badala yake alikaa kwenye benchi la kituo, chupa ya vidonge mkononi, akahesabu kwa vidole: vidonge viwili kwa siku. Viwili tu. Chozi halikumtoka. Kitu kigumu kilikaa kifuani pake, naye akakikaribisha.

"Umeshapata kadi," Sim alimwambia njiani. "Mwache huyo mzee na kisukari chake."

"Dada, wewe una watoto wanne wanaotembea," Thoa alijibu. "Usinifundishe kusamehe."

Alianza na Khuyen, mke aliyeachwa na Nghiem, muuza tofu sokoni. Thoa alimweleza yote bila kuficha. Khuyen alifuta mikono kwenye aproni yake.

"Nghiem msituni? Yule alikuwa analinda mchele, mwenzangu! Sumu pekee aliyowahi kuiona ni ya panya."

"Una ushahidi?"

"Nina picha ya harusi. Nilibakiza moja ya kumtemea mate siku nikiwa na hasira."

Ilikuwa picha ndogo, imekunjika pembeni. Bwana na bibi harusi walisimama mbele ya kitambaa chenye herufi za karatasi, kama ilivyokuwa desturi: Nghiem na Khuyen, na chini yake tarehe, Novemba mwaka sabini.

Thoa alingoja Julai, siku ya kuwaenzi wapiganaji. Ukumbi wa kata ulijaa, chai na mbegu za tikiti mezani. Nghiem, sasa mstaafu mwenye nishani kifuani, alikuwa akisimulia njaa ya msituni alipomwona Thoa akienda mbele huku akisukuma kiti cha magurudumu alichokalia Mien.

"Kaka Nghiem," Thoa alisema kwa sauti ya kufika nyuma, "mwaka sabini, Novemba, ulikuwa wapi?"

"Quang Tri, dada. Nani asiyejua?"

"Ulikula nini mwezi huo?"

"Mihogo ya porini, kama wenzangu."

"Ajabu." Akaitoa picha ya harusi. "Hapa, Novemba mwaka sabini, naona meza ina keki na sigara, na wewe umevaa koti." Akampa picha mzee wa safu ya kwanza, naye akampa wa pili. Kicheko kilianzia kwa wanawake wa sokoni, kikazagaa ukumbi mzima. Mien alicheka kuliko wote, akipiga makofi.

Wakaguzi walikuja mwezi uliofuata. Nghiem alinyang'anywa kadi, na jina lake likabandikwa kwenye ubao uleule, safari hii katika orodha ya wadanganyifu. Mwaka haukuisha, kisukari kikamla kidole cha mguu. Mkwe wake alikuja kwa Thoa na kikapu cha matunda, akaomba aweke sahihi kwenye barua ya kumwombea huruma.

"Ni mgonjwa kweli, shangazi."

"Najua. Kuna hospitali, alipe kama wengine. Na hayo matunda yarudishe, tusije tukamfilisi."

Mkwe aliondoka analia. Thoa alilala vizuri, na hakumficha mtu jambo hilo.

Tena aliongeza. Njia ya kwenda zahanati ilipita mbele ya lango la Thoa. Kila siku ambayo Nghiem alikwenda kusafishwa kidonda, Thoa alimtoa Mien nje kwa kiti chake, akamwegesha pale pale, asiweze kupita bila kumwona. Mien, ambaye hakujua lolote, alimpungia mkono. Baada ya mara nne Nghiem alianza kuzunguka kwa njia ya matuta ya mpunga, akichechemea kwenye matope, safari ya dakika kumi ikawa ya saa nzima. Thoa alimtazama kwa mbali akitafuna mbegu za tikiti.

Hatimaye mtoto wa Nghiem alimchukua baba yake wakahamia mji wa Hai Phong, na huko ndiko alikozikwa. Khuyen alipoleta habari, Thoa alikuwa akimkanda Mien magoti kama alivyofundishwa kituoni.

"Tutume rambirambi?" Khuyen aliuliza.

"Tuma wewe, ulikuwa mkewe," alisema Thoa, akamimina mafuta mengine kiganjani na kuendelea na goti la pili.