Ngoma Ndogo ya Otiende

Zamani hizo katika mtaa wa Kaloleni jijini, ukisikia isukuti ikilia ukumbini Jumamosi jioni, ulijua ngoma kubwa iko mikononi mwa Shitanda, dereva wa baraza la jiji, na ile ndogo yenye kiherehere iko kwa Otiende wa reli. Ngoma hizo ni za Waisukha, watu wa kina Shitanda, tatu kwa pamoja: baba, mama na mtoto. Otiende alikuwa Mjaluo wa Ugenya. Shitanda ndiye aliyemfundisha, akimtania kwamba vidole vya Munyolo, yaani Mjaluo, vimezoea kuchambua miiba ya samaki tu. Otiende naye akimjibu kwamba mwalimu mwenye mwanafunzi mmoja hachagui vidole. Wake zao walilima sukuma bustani moja, na hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi.

Ukaja uchaguzi wa tisini na mbili, na baada yake hata vyama vya mazishi vikaanza kukaa mbalimbali, kila kabila na chake. Watu wakajifunza kushusha sauti apitapo mgeni, na mgeni mwenyewe ni jirani wa miaka yote. Wale wawili waliendelea kupiga.

Mwaka uliofuata Shitanda akafa. Wazee wakaja kutoka kwao Khayega kumchukua, na desturi ikataka isukuti imtoe mlangoni. Otiende alipoinua ngoma ndogo, kaka wa marehemu akamshika mkono, bila ubaya, akamweleza kuwa nyumbani watu watasema. Wazee wakanong'onezana, wakapata njia: wampe jina la ukoo wao. Akiitwa Muhatia, hata kwa leo tu, atapiga.

Otiende hakuwa na namna nyingine ya kumlilia rafiki yake. Akakaa na ngoma kifuani.

"Mzee," akasema hatimaye, "Shitanda akisikia Muhatia anampigia, si atauliza huyo ni nani?"

Mtu mmoja akacheka, akajitia kukohoa. Otiende akaiweka ngoma chini. Mmoja wa wageni wa Khayega alipoinama kuiokota, Ayuma, mjane, akatokea mlangoni.

"Shemeji, hizo ngoma ni za mume wangu. Zipakieni garini, na zisilie."

Wakazipakia. Otiende akashika pembe ya jeneza, maana hilo hawakumkataza. Hadi leo waliokuwepo husimulia jinsi walivyosikia miguu tu juu ya kokoto, kutoka mlangoni hadi barabarani.