Tangi la Jua la Troyeville

Mume wangu ndiye aliyetaka tangi la kuchemshia maji kwa jua. Kila mgao wa umeme ulipotukuta hatujaoga, alinung'unika, "Nchi ina jua namna hii, sisi twaoga maji ya barafu!" Alifariki kabla ya baridi ya mwaka 2015. Arobaini ilipopita jamaa walirudi Tanga, nikabaki peke yangu katika nyumba yetu ya huku ugenini, Troyeville. Nikaamua kulinunua hilo tangi na kulifungisha.

Fundi alikuwa Mkongo wa Bukavu. Alipokuwa juu ya paa, mimi nilisimama uani nikimsemesha hili na lile, ili tu anijibu. Tangu jamaa waondoke, Kiswahili kilikuwa hakijasikika pale. Alipomaliza akanipa risiti.

"Mama, hii karatasi uichunge muzuri. Upeleke kwa watu wa kodi. Serikali inarudishiaka watu kitu kidogo juu ya mambo ya jua."

Sikuwa na shida na hicho kidogo. Nilifurahi kupata mahali pa kwenda. Nikapiga pasi baibui langu, nikapanda teksi hadi ofisi ya kodi mjini.

Binti wa kaunta alisoma karatasi zangu, akatikisa kichwa. "Mama, nafuu hii ni ya biashara. Nyumba ya kuishi haimo." Aliona nimenywea, akauliza, "Hakuna kazi yoyote inayofanyika hapo nyumbani?"

"Mume wangu alikuwa akishona nguo chumba cha mbele."

"Basi mwambie aje mwenyewe tuzungumze."

Nikamjibu kwa Kiingereza cha huku kwamba mume wangu ni leiti. Ndivyo wanavyomwita marehemu: aliyechelewa. Kama vile amezuiliwa na taa nyekundu mahali, ikiwaka kijani atafika. Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mgeni. Machozi yakanitoka. Binti akazunguka kaunta, akaketi nami kwenye benchi, akanishika mkono mpaka watu wa foleni wakaanza kuguna.

Nilimpigia fundi simu. "Wamekataa, mwanangu."

"Aa, pole sana, mama. Mimi pia waliniambia tu. Siku ya Mungu tutakuja kukuona, mimi na bibi yangu."

Jumapili akaja kweli, na mkewe na watoto wawili. Nilipika wali wa nazi na samaki. Watoto walinielewa kila neno, wakanijibu kwa Kiingereza. Mkewe alinikataza kuosha vyombo, na alipofungua bomba akaruka nyuma akicheka, "Mama, yanaunguza!"

Walipoondoka nyumba ilinyamaza kuliko kabla hawajaja. Walirudi Jumapili nyingine chache, kisha kazi ikampeleka fundi Durban. Siku hizi hunipigia sikukuu. Huniuliza kama maji bado yanachemka, nami humweleza kwa urefu, polepole, asije akakata simu mapema.