Klarineti ya Ami Famau

Ipo alasiri moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu naona nawe umejifungia chumbani, umevaa hedifoni, unatunga muziki kwa kompyuta. Sikukatazi. Mimi mwenyewe, huyu bibi unayemwona ameinamia kofia anashona, nilianza mambo hayo nikiwa na miaka ishirini na mitatu, hapa hapa Lamu, ghorofani kwa baba yangu.

Kaka yangu alikuwa akifanya kazi Dubai, akaniletea kompyuta yenye programu ya muziki. Ndani yake mlikuwa na sauti za ala zilizorekodiwa kwa wapigaji wa kweli, moja moja: unabonyeza kitufe, piano inalia, unabonyeza kingine, besi inaitika. Baba alikubali kwa sharti moja tu, kwamba kila ikiadhiniwa nizime. Nilipenda muziki wa taratibu, wa mtindo wa jazi, ule unaomfanya mtu aache alilokuwa akifanya akae kimya kidogo. Piano nilikuwa nayo, besi nilikuwa nayo, hata ngoma za kupapaswa kwa brashi. Nilichokosa ni klarineti. Ile ya kwenye programu ilikuwa kavu, kama mtu anayesoma barua asiyoielewa.

Ndipo nikamkumbuka Ami Famau, mdogo wake baba. Alikuwa fundi cherahani, mzaliwa wa Chundwa, na ujanani mwake alipuliza klarineti katika kikundi cha taarabu cha maharusini. Kikundi kilivunjika zamani. Wenzake wengine walihama, wengine Mungu aliwachukua. Klarineti ilibaki ndani ya sanduku lake juu ya kabati. Nilipomweleza ninachotaka akaniuliza kama nina hakika, maana pumzi zake si zile tena.

Alikuja kesho yake baada ya swala ya alasiri. Ngazi zetu, unajua zilivyo wima, alizipanda kwa kupumzika. Alikuwa amenyoa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Nikamkalisha mbele ya maikrofoni, nikamwomba apulize sauti moja, anyamaze, kisha apulize inayofuata. Apulize kwa upole, arudie kwa nguvu. Siku tisa tulifanya hivyo. Katikati ya sauti na sauti alinihadithia harusi za Pate na Siyu, na bibi harusi mmoja aliyekataa kutoka ndani mpaka klarineti irudie wimbo anaoupenda. Mimi niliitikia kwa kichwa tu huku macho yangu yako kwenye kioo cha kompyuta. Mara kwa mara aliniuliza wimbo wenyewe tutaupiga lini, nami nikamjibu kuwa bado.

Siku ya tisa nikapata sauti zote nilizozihitaji. Nikamshukuru. Akaniuliza kesho aje saa ngapi. Nikamwambia asijisumbue, nimeshamaliza.

Basi nikatunga. Wallahi, mwanangu, nilitunga vizuri. Klarineti ile ilipita juu ya piano kama mtu anayekuita kwa jina lako. Nyumba moja ya wageni kule Kiwayu ikawa inaupiga muziki wangu asubuhi wageni wakinywa chai, na mimi nikaanza kujiona.

Sikukuu ya Idi familia ilikusanyika kwetu, na baada ya chakula nikawasikilizisha. Ami Famau alikuwapo na mkewe, Bi Maimuna. Binamu yangu akauliza ni nani huyo anayepuliza vizuri hivyo. Nami, kwa majivuno, nikajibu, "Hakuna mtu. Ni kompyuta."

Ami alimaliza kahawa yake, akamuaga baba, akavaa viatu.

Siku ya pili Bi Maimuna akaja kwangu peke yake. Sikumwona na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinieleza kuwa tangu nimwambie Ami asijisumbue, mzee hakuacha kujitayarisha. Kila akitoka kuswali alasiri hubadili kanzu, huulowesha ulimi wa klarineti, kile kijiti chembamba cha kupulizia, hukaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, asije akaitwa akakutwa hayuko tayari. Lakini jana, walipotoka kwetu, aliirudisha klarineti ndani ya sanduku na kulifunga.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe ulidhani anakuja kupuliza. Yeye alikuwa akija kukaa nawe."

Ningependa kukwambia kwamba niliondoka saa ile ile. Sikuondoka. Aibu ilinishika, nikapitisha wiki nzima nikizunguka ndia nyingine nisipite mbele ya nyumba yao. Nilipojikaza nikaenda, nilimkuta dakani, mikono mitupu. Akanisogezea mkeka.

"Ndoo ukae," akanikaribisha.

Nikamwomba radhi. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa maneno.

"Sauti nalikupa kwa ridhaa yangu," akasema. "Sikudai. Lakini uliulizwa ni nani, ukasema hakuna mtu. Na mimi nimekaa pale."

Nililia, mwanangu. Akanifuta machozi kwa ncha ya kanzu, akaniuliza kama ule wimbo bado upo.

Alasiri moja alirudi ghorofani kwetu. Safari hii nilimwomba apulize wimbo mzima. Kompyuta ilikwenda mbio, yeye akabaki nyuma. Pumzi zilimkatikia kila mahali. Nikazima ngoma, nikazima besi, nikapiga piano kwa vidole vyangu juu ya vitufe, nikimngojea kila anapovuta pumzi. Katikati alikohoa, akacheka, akaendelea. Sikukata kikohozi wala kicheko. Tangu siku ile alikuja kila Jumatano, miaka miwili, mpaka alipougua. Kazi zote nilizotunga naye niliandika jina lake kwanza, na binamu yangu nikamwendea nikamwambia ukweli.

Nasaha yangu, basi, ni hii. Tunga, usiogope, Mungu amekupa sikio. Lakini ujue kila sauti iliyomo ndani ya kompyuta yako ina mtu aliyeitoa kifuani au vidoleni mwake. Unayemjua, mtaje jina lake mbele za watu. Usiyemjua, muombee kheri. Na aliye karibu nawe, usimwendee kwa kile unachokitaka tu kisha ukamgeuzia mgongo. Kaa naye, sikiliza hadithi zake hata kama hazina nafasi katika kazi yako. Siku atakapokuwa hayupo, hizo ndizo utakazozitafuta, na hakuna kitufe cha kuzirudisha.

Mola akufungulie kifua, abariki mikono yako na masikio yako, akujaalie watu wa kukaa nao katika kazi yako, na akulinde na upweke. Amin.