Kuku Asiye na Firigisi

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ni ile Jumamosi niliyosukuma troli ndani ya supamaketi ya wenye pesa pale Kitale, kifua mbele, viatu vinalia kwa sakafu, nikitafuta kuku wa kumpikia mzee aliyenilea. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Leo nina hamsini na moja, na bado nikipita mlango ule baridi ya friji ikinipiga usoni, moyo wangu unarudi kwa lile bakuli.

Ngoja kwanza nijitambulishe, ili usifikiri anayekushauri ni mtu hivi hivi. Mimi ni Wanjala. Jina lenyewe linamaanisha nilizaliwa wakati wa njaa. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nipeleke kwenye gunia la mahindi, nitaingiza mkono mpaka kiwiko na kukuambia kama yamekauka ama yatavunda, kabla yule mwenye digrii hajatoa mashine yake ya kupima unyevu mfukoni. Nilianza kwa kubeba magunia pale mjini Moi's Bridge. Mgongo huu ndio ulinunua lori ya kwanza, na hiyo ya kwanza ikaleta ya pili na ya tatu. Wakati huo nilikuwa nikiambia kila mtu, hata wasioniuliza, kwamba hakuna aliyenishika mkono.

Huo ulikuwa uongo. Papa Makokha alinishika mkono. Yeye ni ndugu mkubwa wa marehemu baba yangu, mtu wa Myanga, upande wa Bungoma. Baba alikufa mimi sijui hata kufunga kifungo cha shati, na Papa akanichukua, akanilea pamoja na watoto wake.

Siku nilipoondoka kwenda kutafuta hiyo kazi ya magunia, Papa alichinja jogoo. Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu vijana wa leo hamjui mambo haya. Kwetu kuku akipikwa, kila kipande kina mwenyewe. Firigisi ni ya mwenye boma, ama ya mgeni ambaye mwenye boma ameamua kumheshimu. Mtoto ni miguu na kichwa. Mtoto akidokoa firigisi, anatafutiwa fimbo. Lakini siku hiyo Papa alichukua firigisi yake, akaikata katikati, akaweka nusu juu ya ugali wangu. Niliogopa hata kuigusa.

"Kula," akasema. "Ukiwa na nyumba yako, nitakuja huko unipe yangu."

Basi nyumba ikaja. Vyumba vitano, mabati ya rangi, choo ndani. Nikamwita Papa aje aibariki. Kwetu nyumba mpya haianzi tu: mzee wako anakula ndani yake kwanza, halafu anasimama mlangoni anaiombea. Kabla ya hapo unaishi kama mpangaji, hata kama kila msumari umenunua wewe.

Mke wangu Nekesa alikuwa tayari ameleta jogoo mwekundu kutoka kwao Ndalu, amemfunga mguu kwenye mlango wa jikoni.

"Fungua hiyo jogoo iende nje," nikamwambia. "Mzee hawezi kuja kwa nyumba kama hii akule kuku ya kuchakura takataka."

"Baba Sella, mzee anataka kuku. Hajasema anataka supamaketi."

"Nyinyi huko Ndalu supamaketi mliiona lini?"

"Tuliiona. Tulipita nje tukasoma jina." Akacheka, lakini jogoo akamfungua.

Kuku niliyenunua alikuwa na bei ya majogoo wawili wa Myanga. Msichana wa pale aliniuliza kama nataka mzima ama vipande, nikasema vipande, kwa sababu vipande ndivyo vilikuwa bei ya juu. Nikachukua nyanya zilizolingana kama zimepimwa kwa rula. Nikachukua hata mboga ya sukuma iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa, mimi ambaye nyuma ya nyumba yangu sukuma ilikuwa inanifika kifuani.

Papa alifika na koti lake la kanisani. Alizunguka nyumba akigonga kuta na fimbo, taratibu, mpaka kila chumba akakigonga. Sikuwahi kuona uso wake umejaa fahari vile. Akaketi. Nekesa akamnawisha mikono, akaleta ugali, akaleta bakuli, akasimama mbali kidogo kwa heshima ya baba mkwe. Papa akazungusha mchuzi mara moja. Akazungusha tena, polepole, akiinua kipande kimoja kimoja.

"Wanjala."

"Papa."

"Nani amekula hapa kabla yangu?"

Nekesa akaweka jagi chini. Unaelewa, mwanangu? Kwetu firigisi ikikosa kwa bakuli, anayeulizwa ni mpishi. Kuna wanawake wamerudishwa kwao kwa hilo. Macho yake yakaja kwangu yanaomba nimwokoe. Na mimi, badala ya kumwokoa haraka, niliegemea kiti nikaanza kujisifu.

"Hakuna amekula, Papa. Hii ni kuku ya supamaketi. Hao watu wanakutolea uchafu wote. Unalipia nyama peke yake."

"Uchafu?"

"Kichwa, miguu, matumbo. Na firigisi."

"Firigisi ni uchafu." Hakuuliza. Alisema tu, kama mtu anayefundishwa neno la lugha ngeni. "Ilikuwa jogoo ama mama?"

"Hiyo sijui, Papa."

"Imetoka boma ya nani?"

"Imetoka kwa friji."

"Na hiyo friji ilijua mimi nakuja?"

Nekesa alicheka, akajiziba mdomo. Papa alikula, kwa adabu zote, mpaka akamaliza. Akanawa.

"Nyama ni laini," akasema. "Lakini hii kuku ilikufa bila kujua inamfia nani. Mimi sikutoka Myanga kufuata nyama, Wanjala. Nyama iko. Nilikuja kukuona ukinichinjia. Siku utanichinjia, siku hiyo nitaiombea nyumba." Akamgeukia Nekesa. "Mama, jikoni yako haina makosa."

Akachukua fimbo akatoka, akapita kama yule mtu wa kusoma mita ya stima pale mlangoni nilipotaka asimame.

"Jogoo bado yuko hapo nje," Nekesa akaniambia. "Si umkimbilie mzee?"

"Nikimbie na kuku kwapani, majirani wanione?"

Ungefikiri nilijifunza. Wapi! Mimi aibu ikinishika huwa inageuka hasira. Nilisema mzee ni mshamba, hajui vitu vizuri. Nikaamua nitamfundisha. Kila mwezi dereva wangu Barasa alipopita Bungoma na lori, nilimpa mfuko wa Papa: jibini, soseji, asali ya chupa, samaki aliyekatwa bila mfupa. Vitu vya bei. Mwenyewe sikwenda. Msimu wa mahindi, unajua. Na msimu ukiisha kuna mbolea, na mbolea ikiisha kuna mahindi tena.

Halafu supamaketi ikaanza kuuza firigisi. Nasema kweli, kwa trei! Kumi na mbili zimepangwa safi, zimeoshwa, zinang'aa. Nilicheka peke yangu pale mbele ya friji. Nikasema, mzee alitaka nusu, sasa atapata kumi na mbili. Nikampa Barasa.

Barasa alirudi akikuna kichwa. "Mkubwa, mzee amesema asante. Lakini ametuma swali, sasa sijui kama nilifikishe."

"Lifikishe, bana."

"Ati kuna wazee kumi na wawili mahali, wamekaa na bakuli, wanazungusha mchuzi wakitafuta. Ati uwaombe msamaha kwa niaba yake." Barasa akashindwa kujizuia, akacheka. "Zenyewe amegawia watoto. Wamefurahi sana."

Mimi sikufurahi. Sikutuma kitu tena, na sikwenda.

Sasa usiseme Wanjala anachukia supamaketi. Naingia pale kila Jumamosi, na mtu anayekuambia ni wizi mtupu anakudanganya. Unga nanunua pale, kwa sababu mimi ndiye nauza mahindi na najua yale yaliyovunda yanaenda kusagwa wapi. Mchele wao hauna mawe. Maziwa yao yamekaa kwenye baridi, na nyama ina tarehe. Kwa hivyo vitu, ongeza pesa bila kulalamika. Tumbo lako litakushukuru. Lakini mboga iliyolala siku tatu kwa karatasi ya kung'aa, wakati mama wa sokoni amechuma asubuhi na umande bado uko? Nyanya zile za rula, ukikata ndani ni maji, hazina hata harufu. Hapo hulipii chakula. Unalipia taa, na sakafu, na ule utamu wa kuonekana ukisukuma troli. Mimi huo utamu niliulipia miaka mingi, najua bei yake.

Nyumba sasa ni kubwa kwangu. Nekesa yuko Nairobi kwa binti yetu Sella, analea wajukuu, anakuja Krismasi. Msichana wa kaunta pale supamaketi ananiuliza kila Jumamosi kama nina kadi ya pointi. Miaka yote hii, ni hilo tu ananiuliza. Trei moja ya kuku inanitosha wiki nzima.

Mwaka huu, Jumamosi moja, nilinunua ile trei ya firigisi nikapika mwenyewe, na kitunguu na dhania, mchana kweupe. Nikakaa nazo kwenye meza ya watu wanane. Nikala ya kwanza. Ya pili nikala. Ya tatu nikaishika nikaiangalia, na nikaona kwamba hakuna mtu amenipa. Miaka thelathini na kitu, na firigisi pekee ambayo mtu aliwahi kujinyima akanipa ilikuwa ile nusu. Nikasukuma sahani, nikachukua funguo za gari.

Myanga ilikuwa siku ya soko. Mama mmoja aliniwekea jogoo mikononi. "Shika mwenyewe uone uzito, mzee. Hii si ya kuangalia kwa macho." Jogoo akachafua kiti cha gari yangu, kile cha ngozi. Nikamwacha.

Papa alikuwa ameketi nje kwenye jua, na blanketi magotini. Amekuwa mdogo, kama mtoto aliyevalishwa koti la mtu mkubwa. Hakuniuliza nimepotelea wapi. Nilivua saa, nikakunja mikono ya shati, nikachinja pale mbele yake, polepole kwa sababu nilikuwa nimesahau namna. Mama mkubwa, mke wake, akapika. Bakuli lilipokuja, nilitafuta firigisi mwenyewe, nikampa kwa mikono miwili, nimepiga magoti, na suruali yangu ya kitambaa cha bei.

Papa akaishika kwa vidole. Akainusa, macho yamefungwa.

"Ni jogoo."

"Ni jogoo, Papa. Nimechinja mimi."

"Nimeisikia ikilia."

Kisha akafungua mdomo akanionyesha. Hakukuwa na jino hata moja. Ufizi tu, kama wa mtoto mchanga.

"Meno yangu yalikungoja, Wanjala," akasema. "Yalikungoja sana. Yakachoka, yakaenda moja moja." Akacheka mpaka mabega yakatingika. Mama mkubwa pia akacheka. Mimi sikuweza.

"Nikukatie vidogo, Papa. Ama tusage kidogo..."

"Firigisi ya kusagwa, si huo ni uji?" Akairudisha kwenye sahani yangu. "Kula wewe. Mimi nitakuangalia."

Niliikula. Ilikuwa ngumu, jogoo mwenyewe alikuwa mzee kama sisi, na nilitafuna muda mrefu. Na kila nilipotafuna, Papa naye alisogeza taya zake pamoja na mimi, polepole, macho yake kwenye mdomo wangu, mpaka nikameza, naye akameza.

"Na nyumba, Papa?" nikamuuliza.

"Nyumba nitaiombea nikiwa hapa hapa. Lakini Kitale ni mbali sasa, mgongo umekataa. Pale mlangoni sitasimama."

Akaniwekea mkono kichwani akaomba. Nikarudi Kitale jioni hiyo, nikafungua mlango ule mwenyewe, nikasimama pale kidogo kabla ya kuingia, nikijaribu kufikiria angesimama upande gani.

Basi mwanangu, ninachokushauri ni hiki. Chakula cha tumbo lako, nunua mahali pasafi, hata kama ni ghali, na usione haya. Angalia tarehe, nusa, bonyeza, usidanganywe na mwangaza wa taa. Lakini chakula cha kumheshimu mtu usikitafute kwenye friji, na usikitume na dereva. Kipeleke mwenyewe, kikiwa hai, uchafue nguo zako, akuone. Na usingoje msimu uishe. Nenda wiki hii, wakati huyo mtu bado anaweza kutafuna.

Mungu akupe nyumba, na akupe wa kusimama mlangoni mwake. Akupe meza yenye kelele za watu. Na siku utakapoketi uzungushe mchuzi, ukute kipande chako kimo ndani, kimewekwa na mtu anayekujua.