Mikono Mingine ya Mama Keki

Mtaa mzima ulimwita Mama Keki. Jina alilopewa na wazazi wake alilikumbuka mumewe peke yake, naye hakuwa akilitumia. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni, na ulimi usio na breki. Ukienda kwake kuagiza keki ya kilo moja, ulirudi nyumbani na kilo tatu za habari za mtaa.

Kilichompa sifa si keki yenyewe. Keki wanaoka wengi. Sifa yake ilikuwa krimu, ile nyeupe ya jibini laini inayopakwa juu ya keki ya karoti, yenye uchachu kidogo wa kuukata utamu usikukinaishe. Krimu ya namna hiyo ina tabia mbaya. Ikiona joto, inalegea. Ikipigwa kupita kiasi, inalegea. Ukiikasirikia ukaiongezea sukari ili ishike, ndiyo kwanza inatoa maji. Wapishi wengine walijaribu wakaishia kumfikishia mteja keki iliyovuliwa nguo, krimu yote imejikusanya miguuni. Ya Mama Keki ilisimama. Waridi alilolichora asubuhi, hadi jioni bado lina kingo zake.

Walipomuuliza siri, alicheka. "Siri gani? Mkono tu unajua."

Wakadhani anawaficha. Hakuwa akificha. Alipiga krimu huku anasimulia mambo mengine kabisa, na mkono ukisema basi, alizima mashine bila hata kukata hadithi.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilikuwa upande wa mbele wa nyumba hiyohiyo. Alikuwa mrefu, mkimya, futi ya kupimia haimtoki shingoni hata wakati wa kula. Watu walitania kwamba nyumba ile iligawiwa maneno ya watu wawili, mke akafika kwanza akachukua yote. Fundi hakukataa. Alishona huku anasikiliza sauti ya mkewe ikitoka jikoni, na siku nyingi hakuhitaji redio.

Asubuhi moja Mama Keki alikuwa anachekecha sukari ya unga. Chekecheo likamponyoka. Alidhani mkono umekufa ganzi tu, akautikisa, haukutikisika. Akataka kumwita mumewe, neno likatoka nusu, nusu nyingine ikabaki nyuma ya meno.

Fundi alisikia chekecheo likianguka. Hilo halikumshtua, vyombo huanguka. Kilichomshtua ni kimya kilichofuata. Aliacha nguo chini ya sindano akakimbia.

Kilikuwa kiharusi. Mama Keki aliporudi kutoka hospitali, mguu wa kulia uliburuza, mkono wa kulia ulining'inia kama mkono wa koti lililotundikwa, na ulimi ulikuwa mzito. Daktari alisema maneno yatarudi, ila kwa sharti kwamba ayaseme. Lakini wiki ile ya kwanza nyumbani, alimwomba jirani aliyekuja kumpa pole amsogezee chai, na "chai" ikatoka kama kitu kingine kabisa. Jirani akacheka kidogo, kicheko cha adabu, cha mtu asiyejua afanye nini. Tangu siku hiyo Mama Keki alijibu kwa kichwa.

Wateja waliendelea kuja. "Mama, ukipata nafuu tu…" Alitikisa kichwa. Mashine ya kukorogea ilifunikwa shuka. Yeye akawa mtu wa kitandani na wa kiti cha dirishani, anatazama nje, na mumewe akagundua kwamba kushona katika kimya kunachosha mgongo kuliko kushona gizani.

Aliyeingia pale na kelele alikuwa binti wa mazoezi, mtaalamu wa viungo aliyetumwa na hospitali kuja kumfanyisha mazoezi nyumbani. Alikuwa mwembamba, mchangamfu, haogopi mgonjwa anayenuna. "Mama, finya mpira," alisema, akimpa mpira ambao Fundi aliushona kwa vipande vya vitambaa. "Finya kama unafinya sikio la mtu aliyekukosea." Mama Keki alifinya. Vidole viwili viliitika, vingine vikasinzia. Hakusema neno, lakini siku za binti yule alikaa kitini mapema, amejifunga kitambaa kizuri kichwani.

Siku moja binti alikuja anang'aa, akasema anaolewa.

"Hongera sana," alisema Fundi. "Na keki anaoka nani?"

Binti akainamisha macho. "Tutaona, baba. Nilionja keki ya karoti ya mama kabla hajaugua, kwenye sherehe ya rafiki yangu. Nikajisemea, na yangu itakuwa hii. Lakini sasa mama apumzike."

"Utaipata," alisema Fundi.

Huyu alikuwa mtu asiyeahidi hata pindo la suruali kabla hajalipima. Mama Keki alimkazia macho, na macho yale yalisema wazi: itaokwa na nani? Fundi akarekebisha futi shingoni, akatoka kana kwamba amesikia mteja.

Kesho yake mchana Mama Keki alikuwa amejilaza. Akasikia shuka ikivutwa jikoni. Kabati likafunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena, kwa mlio wa mtu asiyejua kijiko kinakaa wapi. Kisha mashine ikaanza kunguruma.

Alikuwa ameishi na mashine ile miaka mingi kuliko alivyoishi na watoto wake, maana watoto walikua wakaenda zao. Aliijua sauti yake. Siagi ilipoingia na sukari, iligugumia. Baadaye ikalainika, ikaanza kuimba. Si vibaya, alijisemea Mama Keki. Jibini likatumbukizwa, pwaa, na sauti ikashuka. Haya, sasa acha.

Mashine haikuacha.

Sauti ikawa ya majimaji, chwa, chwa, chwa, kama mtu anayetembea na viatu vilivyoingia maji. Acha, wewe mwanamume. Fundi aliendelea, kama wanaume wengi wanavyoamini kwamba kitu kisichokwenda kinahitaji nguvu zaidi. Halafu akasikia mfuko wa sukari ukichanwa. Anaongeza sukari!

Hakukumbuka aliinukaje. Alijikuta koridoni, mkono wa kushoto ukutani, mguu unaburuza nyuma yake. Mlangoni pa jikoni akamwona mumewe, mweupe kwa sukari hadi nyusi, ncha ya futi imezama ndani ya bakuli, anakoroga uji.

"Zima!"

Neno lilitoka zima. Lilitoka kwa sauti ileile ya zamani, ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya barabara. Fundi akazima.

Wakatazamana. "Umesemaje?" aliuliza Fundi.

"Zima," alisema Mama Keki, na mwenyewe akashangaa. "Jibini… halipigwi hivyo. Unaliua."

"Jibini" lilitoka limepoteza kipande cha katikati, lakini "unaliua" lilikamilika. Fundi akavuta kigoda akakaa. Mkewe alidhani anacheka, hadi alipoona machozi.

"Sema tena," alisema Fundi.

"Niseme nini?"

"Chochote. Nitukane ukitaka."

"Umenimalizia siagi yangu, mjinga wewe," alisema Mama Keki polepole, kipande kwa kipande, na mumewe akajifuta macho kwa ncha ya futi ambayo haikuwa na krimu, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari njema.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na haikuwa kazi nyepesi. Mama Keki alikaa kwenye kigoda kando ya meza, Fundi akasimama mbele ya mashine. Tatizo halikuwa ulimi mzito peke yake. Tatizo ni kwamba mambo yale hayajawahi kuwa maneno. Mkono ndio uliyajua, na mkono ulikuwa umelala mapajani mwake.

"Piga siagi na sukari mpaka iwe…" Akakwama.

"Iwe kama nini?"

"Iwe…" Mkono wa kushoto ulitafuta hewani.

"Kama hariri?" alisaidia Fundi.

"Sio hariri! Hariri inateleza."

"Kama sufu?"

"Pamba," alisema Mama Keki. "Pamba iliyochambuliwa. Nyeupe, nyepesi."

Fundi akaelewa. Pamba aliijua. Wakaendelea hivyohivyo, kila mmoja akivuka nusu ya njia. Jibini litoke kwenye friji likiwa la baridi, likatwe vipande, liingie mwisho. Na hapo ndipo pabaya. Lipigwe kwa muda gani? Mama Keki alifumba macho, akasikiliza mkono uliolala, kisha akasema, "Unaona nyeupe ya siagi na nyeupe ya jibini? Kuna mstari unazitenga."

"Naona. Kama mshono."

"Mshono ukipotea tu, zima. Usingoje hata kukohoa."

Krimu ya kwanza waliyoifanya pamoja ilikuwa na vidonge, kwa sababu siagi ilikuwa ngumu bado. Iliyofuata ilishika vizuri, halafu wakiwa wanajipongeza ikaanza kuteleza taratibu ubavuni mwa bakuli. Mama Keki alichovya kidole, akaonja, akajua. Jibini la dukani mwao lilikuwa la kopo, laini mno, limejaa maji.

"Tulifunge kwenye kitambaa," alisema. "Lichujike kwenye friji hadi kesho."

Fundi alikwenda chumbani kwake akarudi na kipande cha pamba nyeupe, kipya, amekikunja vizuri, anakitoa kwa fahari kama zawadi. Mkewe alikisugua kwa kidole gumba.

"Kina wanga. Kafue kwanza."

"Loo," alisema Fundi. "Leo nafundishwa vitambaa."

"Na nani kama si mimi?"

Krimu zilizoharibika walizila kwa mkate, na zilizobaki wakawapa watoto wa jirani, ambao waliomba Mungu fundi asijue kazi upesi. Lakini alijua. Mchana mmoja alizima mashine hata kabla hajaambiwa. Bakuli lilikuwa na kitu cheupe, kizito, kilichobaki na alama ya mwiko pale mwiko ulipopita. Mama Keki alikitazama.

"Pindua bakuli," alisema.

"Juu ya meza?"

"Juu ya kichwa chako."

Fundi alilitazama bakuli, akamtazama mkewe, akaliinua juu ya kichwa chake, akafumba macho, akalipindua. Hakikudondoka hata kitone. Alifumbua jicho moja. Mama Keki alikuwa anacheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapita upande mmoja wa mdomo zaidi kuliko mwingine, na kilipofika nje kilikuwa kilekile.

Kupamba kulikuwa vita vingine. Fundi aliminya mfuko wa krimu kama anayekamua nguo mbichi, na waridi lake la kwanza lilitoka nene, limeinama. "Kabichi," alisema Mama Keki. La pili nalo likawa kabichi. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wa mumewe ili amwongoze, wakachora pamoja kabichi la tatu, kubwa kuliko yote, wakacheka hadi wakalazimika kukaa. Mwisho Fundi alivuta mstari ulionyooka kuzunguka ukingo wa keki, alama ndogondogo zilizolingana kama mshono wa cherehani, na mkewe akasema, "Achana na maua. Fanya hiyo hiyo." Keki ya binti ilipambwa hivyo, ngazi kwa ngazi, pamoja na keki ndogo za vikombe vya karatasi za kuwagawia wageni.

Siku ya harusi ukumbi ulikuwa na joto, na feni zilizunguka kwa uvivu. Hotuba zikaanza, na kila msemaji alisema hatasema mengi. Fundi hakusikia hata moja. Alikuwa ameikazia macho keki iliyosimama mezani mbele, anaingoja ikose adabu. Mama Keki ndiye aliyemgusa goti.

"Tulia. Ulizima kwa wakati."

Keki ilisimama. Ilipokatwa, kisu kilipita kikaacha kingo zilizonyooka, na bibi harusi mwenyewe, amelishika gauni lake mkononi, akaleta sahani hadi kwenye meza yao. Nyuma yake alikuja mshereheshaji na kipaza sauti. "Wageni wanauliza, nani ametengeneza keki hii?" Akakiweka kipaza sauti chini ya kidevu cha Mama Keki.

Mama Keki aliona nyuso zote zile zimemgeukia. Angeweza kutikisa kichwa. Angeweza kumwachia Fundi, ambaye tayari alikuwa anatazama viatu vyake kwa hofu. Binti wa mazoezi hakumhimiza. Alisimama tu pale na sahani yake.

"Mimi," alisema Mama Keki polepole, na neno likachelewa kidogo nyuma ya meno, "nilisema. Huyu… alifanya."

Watu wakacheka, na hakikuwa kile kicheko cha adabu. Wakapiga makofi. Fundi alisimama nusu, akakaa, akasimama tena, asijue pa kuweka mikono.

Mkono wa kulia wa Mama Keki haukurudi kama zamani. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vilipata nguvu ya kushika chekecheo, na hapo vikakomea. Maneno ndiyo yaliyorudi, karibu yote, kwa sababu kila oda mpya ilidai maneno mapya, na oda hazikukatika. Majirani walizoea tena sauti yake jikoni, sasa ikifuatwa na sauti nyingine ya chini inayobisha. "Bado mshono." "Umeshapotea." "Nasema bado!" Binti wa mazoezi alipopita na mumewe kuwasalimu, aliwakuta wanagombana hivyo, akakaa kwenye kigoda asiwakatize.

Wateja wa nguo ndio walioanza kulalamika. Walisema suruali zao siku hizi zinachelewa, na zikifika, zinanukia vanila.