Ukwaju Ndani ya Ndoo ya Dawa

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka hapa Kambu, Mutie Ndululu anachuja maji ya ukwaju kwa kitambaa na kuyamimina kwenye ndoo ya maji ya kisima. Mpita njia angedhani anapika uji. Kumbe anatayarisha dawa ya wadudu.

Mutie, mwenye miaka 34, hupiga dawa mashamba ya watu kwa shilingi kumi na tano kila ekari. Msimu huu wa 1986 nusura kazi imponyoke. Alipiga dawa, na kesho yake vidukari wakaendelea kufyonza ndengu kama kwamba hawajaguswa. Gathoni, mwenye duka na ekari tatu, alimwita mwizi mbele ya soko zima: eti anauza dawa yao kando na kuwapigia maji matupu. Wateja kumi na mmoja wakamfukuza.

"Iliniuma sana," asema. "Na ni mimi mwenyewe nilipima hiyo dawa, kifuniko kwa kifuniko."

Mutie si mtu wa kulala na swali. Alimfuata bwana shamba Musembi, akaelezwa kwamba dawa hiyo ina fosforasi. Mishipa ya fahamu ya mdudu huamrisha misuli, na kuna kitu mwilini cha kuizima amri hiyo. Dawa hukifunga kitu hicho, na mdudu hutetemeka mpaka afe. Mtu naye hudhurika vivyo hivyo, ndiyo maana Mutie hatoki bila glavu.

Lakini mbona vidukari hawafi?

Jibu lilitoka jikoni. Mkewe, Mwikali, aliyasifu maji ya kisima kipya, ambacho Mutie pia alianza kuchotea maji ya dawa msimu huu: "Haya maji yanaivisha maharagwe bila magadi."

Mutie alirudi mbio kwa Musembi. "Basi maji yenyewe yako na magadi," Musembi akamwambia. "Magadi inavunja hiyo dawa. Na wewe unachanganya jioni, inalala humo usiku mzima. Asubuhi unapiga dawa imekufa. Tia kitu kichachu kwanza."

Jioni hiyo Mutie alichanganya ndoo mbili, moja akaitia ukwaju. Asubuhi alimwita Gathoni, akanyunyizia majani yenye vidukari. Ya ukwaju iliwaua wote. Ya pili, vidukari walitembea tu.

Gathoni aliinama, akayageuza majani mwenyewe.

"Nilikuita mwizi sokoni," akasema. "Hii haiwezi kuishia hapa shambani. Kuja Jumanne, soko ikijaa."

Leo Mutie anaanza na ekari tatu za Gathoni, na siku hizi huchanganya asubuhi hiyo hiyo. Anatumaini wale wengine watamrudishia mashamba kabla ndengu hazijatoa maua. Na Jumanne?

"Nitaenda," asema. "Nataka nimsikie akisema."